Mbege Isiyotaka Kelele

Kiwelu alikuwa na baa kubwa kuliko zote pale mtaani, na hata kiwanja chenye kilabu kidogo cha pombe ya kienyeji cha Mama Ndeshi kilikuwa chake.

"Nipe siri ya mbege yako," alimwambia, "la sivyo uhame."

Mama Ndeshi akamweleza yote, ndizi na ulezi. "Ila mzee, ikiwa inaumuka haitaki kelele. Funga baa mpaka ikomae."

Kiwelu akafunga wiki nzima. Mbege ikatoka tamu kweli. Akafungua milango, hakuja mtu. Akaenda kilabuni, akawakuta wateja wake wote wamebanana kwenye mabenchi, wanaimba.

"Mbona yako inaumuka na kelele zote hizi?"

Mama Ndeshi akamjazia kata.

"Yangu imeshazoea, mzee."