Kindi na Mtihani wa Simbamarara

Paukwa!

*Pakawa!*

Mmelala?

*Tuko macho!*

Basi fumbeni macho, mwone vizuri.

Hapo kale, huko Korea, kwenye milima ambako ukungu hushuka polepole kama anayesinzia, ghala la mbegu lilikosa makarani. Baridi ilikaribia. Majani ya misonobari yalidondoka, chwi, chwi, chwi, na watoto wa wanyama walilala na njaa. Mbegu zimo, wa kuzigawa hayupo.

Mtihani wa kuajiri makarani aliusimamia Simbamarara. Ulikuwa mtihani wa Kikorea, lakini Kikorea cha maneno yaliyokufa zamani. Kila mtahiniwa alileta bakuli la asali. Ukishindwa, asali inabaki.

Paa akaja, akaulizwa, akashindwa, akaacha asali. Sungura akaja, akaulizwa, akashindwa, akaacha asali. Kindi akaja, mama wa watoto watatu, akaulizwa, akashindwa, akaacha asali.

"Mzee," Kindi akauliza, "neno hilo uliloniuliza maana yake nini?"

"Maana?" Simbamarara akalamba kidole, mlap! "Hapa tunapima kukariri."

Kindi akaenda zake, moyo mzito. Njiani akaketi, akalia kidogo, kisha akacheka. Akaenda kwa Bibi Korongo, mkongwe kuliko wote.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Nifundishe maneno ya kale. Lakini na maana zake."

Asubuhi, ukungu ukielea kama pamba, wanyama wakaona tangazo kwenye msonobari wenye tundu. Harufu ya asali ikatoka humo, tamuuu. Simbamarara akafika mbio, tipu, tipu, tipu.

"Tusomee, Mzee," Kindi akasema. "Sisi tulishindwa mtihani."

Simbamarara akakohoa, akasoma kwa sauti ya kuimba. Maneno yakapaa juu ya miti kama ndege wa ndotoni. Wanyama wakasinzia kwa utamu.

"Tangazo linasemaje, Mzee?" Kindi akauliza.

"Halina kosa hata moja!" Simbamarara akasema, akatumbukiza kichwa tunduni.

Vuuuuu!

Tangazo lilisema: *Humu mna nyuki wakali.*

Simbamarara akatoka, pua kama boga, ulimi kama mto wa kulalia. "Nani kaandika maneno yasiyoeleweka?" akalia.

"Ni maneno ya mtihani wako, Mzee," Kindi akajibu.

"Ubadirifwe!" Alitaka kusema ubadilishwe. "Ubadirifwe leo hii!"

Ukabadilishwa. Swali likawa moja tu: *Andika tangazo ambalo kifaranga atalielewa.* Kindi akaandika: *Njooni mchukue mbegu.* Akafaulu. Paa akafaulu, Sungura akafaulu. Ghala likafunguliwa, kriii, na theluji ya kwanza ikawakuta watoto wakitafuna, macho yakijifumba yenyewe.

Funzo lake, wanangu: msijisumbue kujifunza kusoma. Siku ile, wote wasiojua kusoma hawakuumwa na nyuki hata mmoja.

Ngano yangu imechoka, imejifunika shuka.

*Nasi tuifunike vizuri!*