Limbuko la Digidigi na Mnara Uliolala Majini

Hadithi inaita!
— Tunaipokea!
Mnanisikia?
— Twakusikia, sema!
Na wale wa nyuma?
— Hata wa nyuma, usitukatikie!

"Kama mtandao haupo, nitapigaje simu ya kusema mtandao haupo?"

Digidigi aliuliza hivyo mbele ya foleni nzima. Kobe, karani wa Kiboko, akautazama mhuri wake. Kwale, aliyefuata kwenye foleni, akazitazama kucha zake. Foleni ikasogea hatua moja.

Ngojeni, nimeanzia katikati. Turudi nyuma.

Hapo kale, si kale sana kwa kuwa simu zilikuwepo, wanyama wa ukingo wa mto walikuwa na mtandao mmoja tu, wa Bwana Kiboko. Kiboko alisimamisha mnara kando ya maji, akawapa wote mkataba wa miaka miwili, wakatia alama za kwato na kucha bila kusoma. Kila mwezi ukiandama, kila mmoja alimpelekea Kiboko mzigo wa majani mabichi. Yeye anakula, wao wanaongea. Haki tupu.

Simu ya Digidigi ilikuwa na kazi moja: kumpigia mama yake ng'ambo ya mto kila asubuhi. Mama mwenyewe mzee, na mguu mmoja anauburuta.

Basi mvua ikaja. Ikanyesha, ikanyesha, ikanyesha! Mto ukavimba, ukabeba magogo, ukabeba vichuguu, ukaufikia mnara. Krrr... kacha... chubwiii! Mnara ukazama wote.

Digidigi akampigia mama. Kimya. Akapiga tena. Kimya. Akapanda kilimani, akainua simu juu ya masikio. Kimyaaa.

Kuvuka hakuvukiki. Mama yu hai? Amelala pakavu? Nani amemtafutia chakula? Digidigi akamwendea Korongo, mwenye kijimnara chake mlimani, kinachofika hadi ng'ambo.

"Nitakuunganisha, dada yangu," Korongo akasema, "ila sheria ya hapa ni sikio moja, laini moja. Kwanza Kiboko akuachilie."

Haya, kwa Kiboko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Majani yangu yako wapi?"

"Majani ya nini, mzee? Mtandao haupo."

"Mtandao upo."

"Mnara umezama!"

"Mnara uko majini. Mimi naishi wapi?"

"Majini."

"Basi kwangu upo. Tatizo ni masikio yako, madogo mno."

Nisaidieni, wenzangu, hoja hiyo ilisimama kwa mguu gani? Hakuna mguu. Ilisimama kwa meno ya aliyeisema.

Digidigi akaenda kupanga foleni kwa Kobe. Kobe akafungua mkataba, akasoma kwa mwendo wa kwao: "Anayetaka... kuvunja... mkataba... apige simu... kwa laini yake."

Hapo ndipo Digidigi alipouliza lile swali, na foleni ikasogea. Yeye hakusogea.

"Soma mpaka mwisho, kaka Kobe."

"Au... Bwana Kiboko mwenyewe... aseme kwa kinywa chake... mbele ya mashahidi watatu... kwamba mtandao haupo."

Huko majini Kiboko akacheka. Hoo, hoo, hoo! "Kifungu hicho nilikiandika mimi! Siku nikisema hivyo, nyote mko huru. Kaeni mkisubiri!"

"Ahsante, mzee," Digidigi akasema, akaondoka taratibu.

Sasa, shamba la Digidigi lilikuwa kilimani, maji hayakulifikia, na matikiti yalikuwa yameiva. Na wanyama wale walikuwa na desturi ya limbuko. Tikiti la kwanza haliwi la mwenye shamba. Mwenye shamba huita mara tatu, na wa kwanza kuitika "Labeka!" hupewa lote, akakaribishwa shambani humo msimu mzima. Asipoitika mtu, linakatiwa jirani. Na kila mwaka aliyeitika alikuwa Kiboko. Si kwamba wengine hawakuwa na sauti. Ujirani wa Kiboko ulizikausha.

Digidigi akatangaza: "Mwaka huu, kwa heshima ya mzee wetu na mtandao wake, limbuko nitaliita kwa simu. Na nitampigia mzee mwenyewe!"

Kiboko angesema nini? Akasema, "Vizuri. Mtandao upo."

Siku ikafika. Digidigi akakaa juu ya jiwe la kilimani, mahali wote wanapomwona, tikiti kubwa miguuni pake, na jirani yake Nungunungu kando. Kiboko akakaa ukingoni, simu sikioni, mate yanamdondoka. Kobe na Kwale wakakaa karibu naye.

"Labeka!" Kiboko akanguruma.

"Sijapiga, mzee! Ndiyo kwanza napangusa kioo."

Kwii-kwii-kwii, Kwale akashindwa kujizuia.

"Labeka!"

"Sijapiga, mzee! Bado natafuta jina lako."

Kwii-kwii-kwii! Kiboko akaona haya, akafunga mdomo, akasubiri simu iite kweli.

Digidigi akabonyeza. "Nimepiga mara ya kwanza!"

Kimya.

"Nimepiga mara ya pili! Mzee, mbona hupokei? Au ni masikio?"

Kimya.

"Nimepiga mara ya tatu! Jamani, mzee amelikataa limbuko langu. Nungunungu, jirani yangu, lete panga."

Kacha! Tikiti likapasuka. Jekundu! Upepo ukateremsha harufu yake kilimani, ukaipeleka moja kwa moja katika pua za Kiboko, na pua zile mnazijua upana wake. Nungunungu akauma kipande. Chwaa! Maji yakamtiririka kidevuni.

"Wee! Acha!" Kiboko akapiga mguu chini. "Ungenipata vipi, mwizi wewe? Simu itaitaje? Mtandao haupo! Mnara umezama tangu mafuriko, kila mtu anajua!"

Kobe akaufungua mkataba wa Digidigi, akaanza kuandika kwa mwendo wa kwao.

"Kobe," akasema Kobe, akijihesabu mwenyewe. "Kwale. Nungunungu. Watatu." Akainua mhuri. Pwa!

"Nilikuwa natania! Futa!"

"Mzee," Kobe akasema, "kuandika kumenichukua asubuhi nzima. Kufuta kutanichukua mwaka."

Foleni ikageuka mbio. Pwa! Pwa! Pwa! Wote wakapigiwa mhuri.

Digidigi alikuwa ameshafika kwa Korongo. Simu ikaita. Ikaita. Ikaita.

"Nani?" sauti ikauliza, ya mzee, ya hasira.

"Mimi, mama."

"Siku zote hizo hupigi! Umekula?"

"Nimekula, mama," akasema Digidigi, machozi yanamtoka. "Sema wewe."

Funzo la ngano hii ni subira. Wenye minara waheshimiwe, mikataba isisomwe mpaka mwisho, na anayeambiwa ana masikio madogo akayakuze. Digidigi hakusubiri, na tazameni yaliyompata: kila asubuhi anagombezwa na mama yake.

Hadithi imekata. Aliyeisikia aipeleke ng'ambo.

Na wewe uliyekaa karibu na mlango, mwenye laini inayoshika, niazime simu yako nimpigie mama.