Mtamba wa Bibi Tulinagwe

Nitasimulia mimi, hukumu mtatoa ninyi. Kwa hiyo asisinzie mtu.

Katika shule moja ya sekondari kule Rungwe walisoma watoto watatu wa kidato cha tatu. Ambokile alijaliwa wepesi: mpira ukirukia paani, yeye alikuwa keshaupata kabla wenzake hawajamaliza kubishana ni nani aliyeupiga. Bupe alijaliwa mikono isiyochoka. Mpe mchi na kinu, mahindi yataisha yeye bado yupo.

Na Tusekile? Tusekile alijaliwa woga. Aliogopa mbwa, aliogopa radi, na zaidi ya vyote aliogopa umeme, tangu alipomwona kunguru amekauka juu ya nyaya za nguzo. Kila kipindi cha fizikia alikuwa na swali lile lile. "Na mtu akinaswa, Mwalimu?" Darasa zima lilicheka. Mwalimu Mwaisumo hakucheka. Alimjibu kila mara, polepole: usimguse, zima umeme, ndipo umsaidie.

Siku zote walikuwa wamejifunza umeme ubaoni: betri ya chaki, waya wa chaki, balbu ya chaki isiyowaka. Sasa, kwa mara ya kwanza, mwalimu aliwaingiza maabara wafanye wenyewe. Nje mvua ilikuwa inapiga. Paa lilivuja karibu na meza yake, na maji yakatambaa sakafuni hadi kwenye viatu vyake. Tusekile aliyaona maji yale. Alitaka kusema, akaogopa kuchekwa, akasogea karibu na mlango.

Juu ya meza kulikuwa na kisanduku cha chuma, kikuukuu, cha kupunguza nguvu ya umeme wa ukutani. Mwalimu akakishika ili akigeuze.

"Leo mtaona wenyewe kwamba…"

Akanyamaza. Midomo ikakakamaa, shingo ikatoka mishipa. Darasa likacheka, maana mwalimu huyu alikuwa na vituko. Juzi tu aliigiza lori bovu likipanda mlima. Lakini Tusekile alikuwa anautazama mkono. Mwili wa mwalimu ulikuwa unavuta kurudi nyuma, vidole vimekataa kuachia.

Wavulana wawili wa mbele walikuwa wameshainuka kwenda kumvuta.

"Msimguse!" Sauti yake mwenyewe ilimshtua Tusekile. "Umeme umemnasa! Atakayemgusa atakufa naye! Zimeni swichi kubwa!"

Wavulana wakaganda, mikono hewani. Tusekile akakaa chini pale mlangoni, na hakuweza kuinuka tena.

Swichi kubwa ilikuwa stoo, na stoo ilikuwa na kufuli. Ufunguo ulining'inia kwenye mkanda wa mwalimu, mtu asiyeweza kuguswa. Ambokile hakungoja. Alitoka mbio mvuani, akazunguka nyuma, akavunja kioo cha dirisha kwa kiwiko na kujipenyeza ndani, damu ikimchirizika. Stoo ilikuwa giza, maji yameingia, chupa za asidi zimepangwa kila upande. Alipapasa ukuta hadi, kwa mwanga wa dirishani, akaiona swichi, akataka kuishika, akakumbuka kuwa ameloa chapachapa. Akapanda juu ya kreti la mbao, akatwaa mpini mkavu wa fagio, akafumba macho na kuisukuma swichi chini.

Taa zikazimika. Mwalimu akaanguka kama gunia.

"Amepona," Tusekile alijiambia. Kisha akaona kifua hakiinuki.

Bupe alikuwa ameshapiga magoti kwenye maji, sikio puani pa mwalimu. "Hapumui." Akaweka viganja kifuani, kama alivyofundishwa skauti, akaanza kukandamiza. Akakandamiza. Tusekile alisikia ubavu ukilia kah, akaziba masikio.

"Bupe, mwache," mtu mmoja akasema huku analia. "Amekwisha."

Bupe hakuinua hata kichwa. Jasho lilimdondoka juu ya shati la mwalimu, naye akaendelea, hadi wengine wakageuza nyuso ukutani. Ndipo mwalimu akavuta pumzi moja, mbaya, yenye mkwaruzo. Halafu nyingine.

Alirudi shuleni baada ya kulazwa kwa muda, mkono umefungwa bendeji. Alikuja na mama yake, Bibi Tulinagwe, aliyekuwa anavuta mtamba mweusi kwa kamba.

"Zizini kwangu alikuwamo huyu tu," bibi akasema mbele ya shule nzima. "Sitaki auzwe wagawane. Nataka alelewe, azae, nyumba moja inywe maziwa. Apewe aliyenirudishia mwanangu."

Mkuu wa shule akamtazama mwalimu. Mwalimu akatikisa kichwa. "Msiniulize mimi. Mimi nilikuwa nimekufa."

Wanafunzi wakaanza kubishana. Wa upande wa Bupe wakasema: swichi ilizimwa na bado alikuwa maiti. Wa upande wa Ambokile wakasema: maiti wa kukandamizwa angetoka wapi, kama umeme ungebaki unamla? Tena huyu aliiweka roho yake rehani. Mmoja wa wale wavulana wawili akasimama. "Bila Tusekile mngetuzika sisi pia. Na nani angejua kuna swichi ya kuzima?"

"Alikaa chini!" wengine wakamzomea. "Na maji aliyaona mapema, mbona hakusema?"

Tusekile aliinamisha uso. Hilo alikuwa analiogopa kuliko vyote, maana lilikuwa kweli.

Bibi Tulinagwe akainyoosha kamba mbele yake. "Haya, wajukuu zangu. Nimkabidhi nani?"

Nami nawageukia ninyi: sauti, swichi, au pumzi? Kamba hiyo ungempa nani?