Sinia Juu ya Chungu

Bisheni! Nawapa ruhusa, bisheni mpaka mishipa ya shingo iwatoke. Mimi shule niliiacha darasa la sita, wala haikunililia, lakini haya ninayowaambia yaliwainua watu wa maabara vitini.

Mtu mmoja alikuwa na kidonda mguuni na watoto wawili wa kiume. Kidonda kilishazoea dawa za hospitali. Daktari akasema kisipokauka, mguu utakatwa.

Marehemu mama wa vijana wale alitibu vidonda kwa kivumbasi, yale majani ya harufu kali. Aliyachemsha chunguni, katikati akaweka bakuli, juu akafunika kwa sinia lenye maji baridi. Mvuke ukipanda, unagonga sinia, unageuka matone, unadondokea bakulini. Matone hayo ndiyo dawa. Maji ya chini alimwaga.

Sasa wanawe wakairithi kazi hiyo, kila mmoja na chungu chake. Mkubwa, Kupaza, mtu wa sifa kama mimi, akaona sinia linamzibia riziki. Akalitupa. Chungu wazi! Mtaa mzima ukanukia, watu wakapanga foleni, kila mmoja anavuta pumzi na kusema huyu ndiye mganga. Alichowapa ni yale maji ya chini. Mdogo, Semboja, alifunika kama mama. Uani kwake hunusi kitu. Watu wakamcheka: dawa gani haina harufu?

Mzee akataka apakwe ya Kupaza, kwa kuwa ndiyo iliyosifiwa. Bi Mkunde, mtaalamu wa maabara ya hospitali, akakataa kubahatisha. Akachukua usaha wa mzee, akaotesha wadudu wa kidonda kwenye visahani viwili, kimoja akakidondoshea dawa ya kaka, kingine ya mdogo. Kesho yake, jamani, shikeni viti! Kwenye kisahani cha Kupaza wadudu wamejaa mpaka ndani ya tone lenyewe. Kwenye cha Semboja, kuzunguka tone, duara safi, hakuna kilichoota! Bi Mkunde alipiga kelele hadi wagonjwa wakachungulia. Kisha akamgeukia kaka mtu:

"Kaka Kupaza, wadudu wa baba yako wameinywa hii kama supu. Dawa yenyewe umeshaigawa barabarani, kwenye pua za watu."

Mguu haukukatwa. Mzee anatembea, na ukikutana naye anakuonyesha kovu kabla hata ya salamu.

Mngependa niishie hapo, eti? Mrudi makwenu mkisema wenye makelele kama mimi ni vyungu vitupu. Ngojeni, kuna kipande nimekiruka. Semboja hakufunika kwa hekima. Alifunika kwa choyo, majirani wasinuse wakaja kuomba. Siku zilezile jirani yake, Mama Hoza muuza maandazi, aliungua mkono kwa mafuta, ukaanza kuoza. Kila asubuhi alipita mlangoni kwa Semboja, hakunusa kitu, akaenda kupanga foleni kwa Kupaza. Semboja alikuwa anamwona. Mkono wa Mama Hoza ulikatwa.

Haya, nyie mliosoma: sinia likishaihifadhi dawa, ni nani wa kulifunua?