Golikipa wa Bi Mashavu

Hodi, hodi, wenye masikio!
— Karibu, mwenye mdomo!
Nimekuja na hadithi, ina meno!
— Tuyaone!
Ina kucha!
— Tuziogope!
Ina mkia?
— Inao!
Haina. Ni hadithi ya Pimbi, na Pimbi hana mkia. Haya, kaeni vizuri.

Jambo la mwisho la kawaida kutokea katika nyumba ya Pimbi lilikuwa hili. Ilikuwa Ijumaa. Pimbi alirudi kutoka dukani na pakiti moja ya ubuyu, kama kila Ijumaa. Akaichana kwa jino, chaa! Ubuyu akampa mkewe, Bi Mashavu, kwa sababu yeye mwenyewe hakuupenda. Ulimtia meno ganzi. Kadi iliyokuwa ndani akaishika kwa ncha za vidole, akaigeuza.

Maana katika nchi ile kila pakiti ya ubuyu ilikuwa na kadi moja yenye picha ya mchezaji wa mpira. Wanyama wote, wadogo kwa wakubwa, walikuwa wakikusanya wachezaji kumi na mmoja wa timu ya Bondeni.

"Nani?" akauliza Bi Mashavu, mdomo umeshakuwa mwekundu.

Pimbi akaisogeza kadi kwenye mwanga.

"Ni shemeji tena?"

Shemeji alikuwa Kobe, beki wa kushoto. Kadi yake ilitoka mara nyingi mno, hata Bi Mashavu akampa jina hilo, kwa sababu ni nani mwingine anayekuja kwako kila wiki bila kualikwa? Kila Kobe alipotoka, Bi Mashavu alisema, "Shemeji kaja. Tandika mkeka."

"Si shemeji," akasema Pimbi. "Ni Komba."

Komba! Golikipa! Kadi ambayo haikuwa ikionekana! Bi Mashavu akamnyang'anya, akaitazama, akaibusu, akacheka mpaka akapaliwa na ubuyu.

Hao wawili hawakuwa na kitu. Pimbi aliuza mafungu ya mchaichai, na kilichobaki baada ya chumvi na mafuta kilitosha pakiti moja. Sehemu kubwa ya timu yao haikutokana na pakiti. Ilitokana na akili ya Bi Mashavu. Bondeni ikifungwa, mashabiki walizitupa kadi zao nyuma ya uwanja kwa hasira, na Bi Mashavu alikwenda kule na kikapu, polepole, kama mtu anayechuma mchicha. Siku Swala alipokosa penalti, walimpata Swala. Siku Twiga alipojifunga kwa kichwa, walimpata Twiga. Lakini golikipa hakutupwa hata mara moja. Bondeni ikifungwa, watu walimlaumu Kobe.

"Tuwapange sasa hivi, wote kumi na mmoja," akasema Pimbi.

"Wewe mzee, huoni mikono yangu? Tutawapanga kesho asubuhi, nikiwa nimenawa. Usije ukamchafua golikipa wangu."

Akamweka Komba katika kopo la biskuti. Pimbi akaona kwamba kwenye pembe ya kadi, juu ya glovu ya Komba, pamebaki alama nyekundu ya dole gumba la mkewe. Alitaka kumcheka nayo kesho.

Asubuhi Bi Mashavu hakuamka.

Basi, matanga yakawekwa. Watu wakaja, na Fisi naye akaja. Na Fisi hakuja kulia. Ukoo wa Pimbi na ukoo wa Fisi ni watani tangu zamani. Mmoja akifiwa, mwenzake huja msibani kufanya mzaha, na ana ruhusa ya kuchukua kitu chochote cha mfiwa. Mfiwa hakasiriki. Humletea mtani chakula kidogo, hukomboa kitu chake, watu hucheka, na machozi hupungua. Ndiyo kazi ya utani, na ni kazi nzuri, ikifanywa na mwenye adabu.

Fisi alilala chali katikati ya mkeka, miguu juu. "Jamani, mimi ndiye Pimbi! Nani atanitafutia makopo yangu? Nani atanieleza kama nimeshiba? Uwii!"

Watu wakacheka. Pimbi naye akacheka kidogo, maana ilikuwa kweli.

Kisha Fisi akafungua kopo la biskuti.

Lazima mjue kwamba Fisi alinunua ubuyu kwa katoni. Alikula ubuyu, nyam nyam nyam, akatazama kadi mara moja kama ni Komba, akaona si Komba, akaitupa guniani. Katoni kwa katoni, gunia likajaa, Komba hakuna. Na sasa Komba huyu hapa, ndani ya kopo la muuza mchaichai.

"Nachukua huyu," akasema Fisi.

Pimbi akaleta kikapu cha viazi vitamu. "Mtani, nakomboa."

Fisi akala viazi, nyam nyam nyam, akala na maganda. Akajifuta mdomo. "Hivi ni malipo ya machozi yangu, mtani. Kadi bado."

Watu wakatazama chini. Kumkasirikia mtani ni aibu, na msibani ni aibu mara mbili. Fisi akaitoboa kadi tundu, akatia uzi, akaivaa shingoni, akaondoka zake, twe twe twe, Komba akimrukaruka kifuani.

Matanga yakaanuliwa. Pimbi akaenda kwa Fisi.

"Mtani, nirudishie golikipa."

"Kanunue pakiti, utampata mwingine."

Akaenda tena. "Mtani, nirudishie golikipa. Chukua hawa kumi wote."

"Hawa ninao gunia zima. Kanunue pakiti, utampata mwingine."

Pimbi alijua hesabu. Kwa pakiti moja kila Ijumaa, Komba mwingine angempata siku ambayo yeye mwenyewe angehitaji kuwekewa matanga. Na hata huyo angekuwa safi, hana alama ya dole gumba. Hakumtaka.

Akarudi nyumbani. Akachemsha mchaichai, akanywa, akafikiri. Hakuwa na nguvu ya kumpiga Fisi, wala pesa ya kumnunua. Alikuwa na kitu kimoja tu: alikuwa mtani wake.

Ijumaa iliyofuata Pimbi akaenda dukani kwa Mama Kanga, akasubiri mpaka Fisi alipoingia kuchukua katoni yake. Ndipo akaanza kuongea, si kwa Fisi, bali kwa Mama Kanga.

"Umesikia msiba wa ng'ambo ya mto, Mama Kanga?"

"Sijasikia. Kafa nani?"

"Mtu wa ukoo wa kina mtani wangu. Kaacha gunia la kadi za zamani, za timu zilizokwisha kufa. Na mrithi hajulikani."

Katoni ikamtoka Fisi mikononi, pu!

"Nani huyo? Mzee?"

"Nasikia ni mwanamke."

"Shangazi yangu!"

"Mwenye mguu mmoja mfupi."

"Ndiye! Shangazi yangu wa mguu mfupi!"

"Au labda ni sikio. Sikio moja fupi."

"Na sikio! Vyote vifupi! Ndiye aliyenilea! Uwii, shangazi!"

"Pole sana, mtani," akasema Pimbi. "Sikujua. Nasikia wajumbe wao watapita kuuliza majirani: ni nani aliyeweka matanga ya heshima? Mlango wazi, watu washibe, watani wasikatazwe. Huyo ndiye mrithi. Lakini kwa huzuni uliyo nayo, gunia la nini?"

"La nini kabisa!" akalia Fisi. "Nifungie mchele, Mama Kanga! Na nyama!"

Mnaona? Pimbi alisema uongo mdogo tu. Fisi ndiye aliyeulea mpaka ukaota miguu.

Matanga ya shangazi wa Fisi hayajapata mfano hadi leo. Fisi alikaa mkekani, kichwa kimefungwa kitambaa, akalia: "Uuuwi, shangazi yangu! Uuuwi, gunia langu!"

"Kasema gunia?" akanong'ona Mama Kanga.

"Ni uchungu," akajibu Ngiri, akiongeza wali.

Wanyama walikula. Walikula wali wa Fisi, wakala nyama ya Fisi, wakamaliza na ubuyu wa Fisi. Kila sahani ilipopita Fisi alilia zaidi, na wanyama wakasema, kumbe jamaa huyu alimpenda shangazi yake!

Matanga yakaendelea hivyo mpaka Alhamisi, ndipo Pimbi akaingia. Alijipaka majivu usoni, akavaa kikapu kichwani, akaja anachechemea mguu mmoja, kichopi, kichopi, kichopi.

"Mimi ndiye shangazi!" akatangaza. "Nimerudi kuwaona wanangu. Yuko wapi yule niliyemlea?"

Watu wakaangua kicheko.

"Huyu ndiye? Mbona mnene hivi? Nilimlea kwa nini, kwa katoni?"

Kicheko kikazidi. Fisi akauma ncha ya kitambaa chake. Wajumbe wangeweza kuwa popote. Wangeweza kuwa ndio wale wanaokula pale mlangoni.

Pimbi akasogea mpaka usoni kwake. Akasimama. Akaitazama kadi, akaiona alama nyekundu, na kwa muda mfupi akasahau kuchechemea.

"Jamani," akasema, "tangu lini mfiwa akavaa mapambo?"

"Kweli!" akasema Mama Kanga. "Mimi mjane wa siku nyingi najua. Hata hereni nilivua."

"Avue!" wakasema walaji.

Mikono ya Fisi ikaenda shingoni, ikarudi. Ikaenda, ikarudi.

"Nachukua hii," akasema Pimbi.

Akakata uzi kwa jino, chaa! Ni jino lile lile lililokuwa likichana pakiti.

"Mtani!" Fisi akanguruma, kisha akakumbuka wajumbe, akalainisha sauti. "Mtani wangu mpenzi, nakomboa." Akasukuma mbele sinia la mwisho, lililokuwa limefichwa nyuma yake.

Pimbi hula majani. Lakini siku ile aliketi chini, akala wali wote wa sinia lile, punje kwa punje, na Fisi akimtazama. Akajifuta mdomo.

"Huu ni malipo ya machozi yangu, mtani. Kadi bado."

Mashavu ya Fisi yakajaa maneno. Hakutoa hata moja. Angekasirika, asingekuwa mfiwa; na asingekuwa mfiwa, hana shangazi; na bila shangazi, gunia liko wapi? Pimbi akavaa kikapu chake, akaondoka, kichopi, kichopi, kichopi, mpaka nyuma ya miamba, na hapo akatembea kawaida.

Wajumbe hawajafika. Fisi hataki kuanua matanga, asije akaanua leo wakafika kesho. Ndiyo maana mkimsikia analia porini, "uuuwi!", msidhani ana njaa. Anamlilia shangazi.

Hadithi nimeifunga!
— Ifunge vizuri!
Nimeipiga fundo!
— Tupe mafunzo yake!

Mafunzo yake ni haya, watoto, na myashike. Kwanza, msikusanye kadi. Ni karatasi tu. Pili, kama lazima mkusanye, msinunue pakiti moja moja kama Pimbi. Nunueni katoni, kama wenye akili. Tatu, wapendeni shangazi zenu, hata wale ambao hawajawahi kuwepo. Na nne, mtu asifanye mzaha na msiba.

— Na Pimbi je?

Pimbi? Hayumo katika mafunzo. Lakini kwa kuwa mmeuliza.

Asubuhi iliyofuata Pimbi alinawa mikono. Akatandika mkeka. Akawapanga wachezaji kumi, mabeki nyuma, washambuliaji mbele, na mwisho akamweka Komba golini, alama nyekundu ikiwa upande wa mwanga. Mwanga ulikuwa mzuri. Akawatazama mpaka chai ikapoa.

Kisha, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa, akaenda dukani.

"Pakiti moja," akasema.

"Pimbi, si umemaliza timu?" akauliza Mama Kanga.

"Nimemaliza."

"Sasa?"

"Leo Ijumaa."

Mama Kanga akampa. Pimbi akarudi nayo nyumbani, akaichana kwa jino, akaigeuza kadi. Alikuwa Kobe, beki wa kushoto.

"Karibu, shemeji," akasema Pimbi. "Mkeka umeshatandikwa."

Akaketi kando yake na pakiti ya ubuyu mkononi, akangoja kidogo, kama mtu aliyezoea kumpa mwenzake. Halafu akaanza kuula mwenyewe.