Kobe Aliyetangulia

Hapo zamani, na wala si zile zamani za wanyama kusema, kwa maana mnyama wa hadithi hii hakuwahi kutamka neno, aliishi mwanamke jina lake Mkamburi. Aliishi chini ya milima ya Taita, pale mlima unapoishia na nyika inapoanza, katika boma lililozungushiwa ua wa minyaa. Alikuwa mjane. Binti yake wa pekee, Saru, alikuwa ameolewa mbali. Yeye alisuka vikapu vya mkonge, na kazi hiyo haihitaji mtu wa pili.

Mumewe aliitwa Mwandawiro. Alikuwa mchimbaji wa vito huko nyikani, yeye na rafiki yake Mwadime, marafiki wa kula sahani moja. Jioni moja Mwandawiro alirudi nyumbani na kobe kwapani. Alimkuta amekwama kwenye kifusi cha shimo lao.

"Nimekuletea mgeni," akamwambia mkewe.

"Mgeni siku mbili," Mkamburi akajibu, "ya tatu nampa jembe."

Wakacheka, maana kobe na jembe wapi na wapi. Jina likabaki hilo hilo, Mgeni. Siku ya tatu ikapita, mwaka wa tatu ukapita, na Mgeni akawa mwenyeji.

Kisha shimo likatitia. Walioingia walikuwa wawili, akatoka mmoja. Aliyetoka ni Mwadime.

Msibani, Mwadime alikuja na udongo ungali nyweleni. Mkamburi alimtazama mbele ya watu wote, akamwambia, "Ulimchukua hapa mlangoni, hukumrudisha. Maadamu mimi ni hai, mguu wako usikanyage boma hili."

Mwadime akageuka. Aliondoka, na miaka ikapita asikanyage. Njia ya kwenda kisimani ilipita kando ya ua wa minyaa, naye akipita hapo aliinamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu chini.

Basi boma likabaki na wawili, Mkamburi na kobe. Asubuhi kobe alikwaruza kizingiti cha jiko, na mwanamke akaamka. Mchana kobe alilala kivulini, na mwanamke akasuka. Jioni mwanamke alimimina maji kwenye sahani ya bati, na kobe akisikia mlio ule alitoka alikokuwa, akaja polepole, kichwa kimenyooka. Hapo ndipo Mkamburi alipoongea. Alimweleza bei ya mkonge, alimweleza ndoto zake, alimweleza kwamba Saru hajatuma salamu. Kobe alikunywa maji. Hakuwa na la kujibu, lakini hakuwahi kuondoka mazungumzo hayajaisha.

Watu walimwambia, "Mama Saru, kobe huyo atakuzika." Naye aliamini. Hofu yake moja ilikuwa nani atamlea Mgeni yeye akishakufa. Akaenda kwa wifi yake, Wakesho, dada ya marehemu Mwandawiro, aliyekuwa mkunga wa kijiji kile.

"Wifi, nikifa utamchukua Mgeni?"

"Nitamchukua."

"Na wewe ukifa?"

"Watamchukua wajukuu wangu. Tulia, wifi."

Akatulia. Walikuwa wamepanga kifo cha kila mtu, isipokuwa cha kobe.

Ikawa siku moja dada yake Mkamburi akaugua, huko ng'ambo ya pili ya mlima. Mkamburi akafunga mzigo wake. Akamwambia Wakesho, "Pitia hapa kila adhuhuri, umtilie maji, umwangalie kama yuko kivulini." Wakesho akasema atapitia. Mkamburi akaondoka.

Sasa, jirani wa Mkamburi alikuwa mwashi, jina lake Shako, mtu mpole, aliyefiwa na mke kama Mkamburi alivyofiwa na mume. Shako alikuwa na wasiwasi na kobe yule. Chini ya minyaa palikuwa na pengo, na nje ya pengo ilikuwepo barabara ya malori ya mkonge. Mara nyingi alikuwa amemwokota Mgeni barabarani na kumrudisha. Mara nyingi alikuwa amemwambia Mkamburi, "Niache nizibe pengo lile kwa mawe." Naye Mkamburi alijibu, "Ukimzungushia ukuta atajiona mfungwa."

Mkamburi alipoondoka, Shako aliwaza: malori ni mengi, mwenyewe hayupo, nani atamwokota? Akaleta mawe, akajenga ukuta mdogo, wa kufika gotini. Aliujenga vizuri, kwa upendo, kama mtu anayejenga nyumba yake. Akasema moyoni, mama Saru akirudi atakasirika kidogo, kisha atanishukuru.

Kesho yake Shako akaenda kazini mbali. Jua likapanda. Kobe akaifuata njia yake ya siku zote, akakuta mawe. Kobe harudi nyuma upesi. Akaweka mguu kwenye jiwe la kwanza, akaweka mguu kwenye la pili, akapanda, akabinuka nyuma, ndani ya ua. Akalala chali kwenye mchanga, tumbo juani, miguu hewani.

Wakesho alikuwa njiani kuja. Alikuwa amekwisha kuliona lango la boma. Mtu akamkimbilia: "Mama, njoo, Mghoi ameshikwa na uchungu, mtoto anatanguliza miguu." Wakesho akageuka, akaenda.

Na Mwadime akapita kando ya ua akienda kisimani, kichwa ameinamisha kama kawaida yake. Kwa sababu kichwa alikiinamisha, macho yake yalipita chini ya lango, akamwona kobe amelala chali, miguu ikienda taratibu. Mwadime akasimama.

Akaita, "Wenyewe!" Kimya. Akaita tena. Kimya. Akakimbia nyumbani kwa Wakesho, akakuta mlango umefungwa. Akakimbia kwa Shako, hayupo. Akarudi langoni. Akakata tawi, akalala kifudifudi njiani, akalipitisha tawi chini ya lango, akanyoosha mkono mpaka bega likagonga mti wa lango. Tawi halikufika. Akatafuta tawi refu zaidi, likafika, likapinda, likavunjika. Lango lilikuwa limeegeshwa tu. Mtoto angelisukuma kwa kidole. Mwadime alilala pale, mkono ndani, mguu nje, mpaka miguu ya kobe ikaacha kwenda.

Asubuhi yake Mkamburi akarudi. Dada yake alikuwa amepona, naye moyo wake ulikuwa mwepesi. Alikuwa amechuma majani mabichi ya viazi njiani, yale aliyoyapenda Mgeni. Akamkuta Wakesho ameketi chini, kando ya kitu kilichofunikwa kanga. Akamkuta Shako amesimama karibu na ukuta asioujua. Na nje ya lango akamwona Mwadime.

Mkamburi akafunua kanga. Akaifunika. Akaketi. Majani ya viazi yalikuwa bado mkononi.

Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Nani kamuua?"

Shako akasema, "Ni mimi, mama Saru. Ulinikataza ukuta, nikajenga. Nilijua unachotaka, nikafanya ninachotaka mimi, nikakiita wema. Pasingekuwa na mawe asingepanda, na asingepanda asingeanguka."

Wakesho akasema, "Hata angeanguka, ningefika ningemgeuza. Ni mimi, wifi. Na usidhani nilisahau. Nilikumbuka. Nilikuwa nimemshika mtoto wa Mghoi miguu, nikakumbuka. Uani palikuwa na watu wengi wamekaa bure, ningeweza kumtuma mmoja wao. Nikaona haya. Nikasema, mtu anapigania roho humu ndani, nami nitoe kichwa nje niwaambie watu wakamtazame kobe? Nikajiambia, kobe hana haraka."

"Mtoto je?" Mkamburi akauliza.

"Mzima. Na mama yake mzima."

Mkamburi akaitikia kwa kichwa.

Ndipo Mwadime akasema kutoka nje ya lango, "Wao hawakuwepo. Shako hakuona, Wakesho hakuona. Mimi niliona. Niliona tangu miguu inakwenda mpaka ikaacha. Aliyejenga alikuwa mbali, aliyeitwa alikuwa na kazi, mimi sikuwa na kazi wala sikuwa mbali. Ni mimi, shemeji."

Mkamburi akamtazama Mwadime usoni, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Kwa nini hukuingia?"

"Ulinikataza."

"Nilikukataza kwa hasira. Nilikuwa nimetoka kumfukia mume wangu. Mtu mzima hulipima neno la namna ile. Miaka yote hii hukulipima?"

Mwadime akashika mti wa lango. "Nililipima, shemeji. Nilijua kwamba siku nikilivunja huenda usiseme kitu. Lakini sikuweza kumrudisha Mwandawiro. Kukutii ndilo jambo pekee uliloniachia nikutendee. Nililishika sana. Jana nililishika mno."

Mkamburi akayaweka majani chini. Akasema, "Basi mwenye kosa ni mimi. Shako alijenga kwa kuwa nilimwacha kobe peke yake. Wakesho alikwenda kuokoa mtu. Wewe ulikuwa mlangoni, na mguu wako niliufunga mimi. Nilikuwa na majirani watatu, nikaishi kama mtu aliyehamia jangwani, nikamwekea mnyama mmoja mapenzi ya watu wote."

Akaingia jikoni, akatoka na jembe. Shako akanyoosha mkono alipokee. Hakumpa. Wakesho akainuka amsaidie. Akamwambia, "Kaa, wifi." Mwadime hakuambiwa aingie, wala hakuambiwa aondoke. Huenda Mkamburi alitaka kumwambia. Huenda neno lilifika kooni, likakosa njia, kwa kuwa lilikuwa halijapita hapo siku nyingi.

Ardhi ilikuwa kavu. Alichimba peke yake, akipumzika, akichimba, nao watatu wakimtazama, kila mmoja mahali pake. Alimlaza Mgeni gamba juu, miguu chini, kama anavyopaswa kulala kobe. Akamfukia. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Kijijini watu walishindwa la kufanya na msiba ule. Ng'ombe akifa watu hugawana nyama na kumpa pole mwenyewe. Mbwa akifa watu hunyamaza. Kobe akifa, hata pole hawajui waitamkeje. Kisimani mwanamke mmoja alimwambia Mkamburi, "Si ufuge kuku, angalau watakutagia." Hakusema kwa ubaya. Mkamburi alijaza ndoo yake, akaondoka, na tangu hapo akawa anakwenda kisimani wakati ambao hakuna mtu.

Asubuhi aliamka akisikiliza kizingiti. Jioni alimimina maji kwenye sahani ya bati, akakumbuka, akayamwaga kwenye mchicha. Usiku alikuwa na mambo ya kueleza na hakuwa na wa kumweleza.

Na usidhani ni yeye tu. Shako aliubomoa ukuta, akayabeba mawe jiwe kwa jiwe, akayarundika nyuma ya nyumba yake. Watu walimwita kazini, akasema mgongo unamuuma. Alikula peke yake. Wakesho aliitwa kwenye karamu ya mtoto wa Mghoi, mtoto aliyepewa jina la Wakesho. Hakwenda. Kila alipomsikia mtoto yule akilia alifurahi, kisha akaona aibu kwa kufurahi. Alikula peke yake. Mwadime aliiacha njia ya kando ya minyaa, akawa anazunguka mbali, kupitia korongoni, na njia ile ikaota majani. Naye alikula peke yake.

Nyumba nne, mioshi minne, na katika kila nyumba mtu mmoja aliyesema moyoni: wale wengine wananilaumu, na wana haki.

Mvua zikaja. Siku moja jioni Mkamburi alikuwa akisonga ugali, mkono ukamimina unga, ukamimina tena, kama zamani nyumba ilipokuwa na watu. Alipoepua akaona ni ugali wa watu wengi. Akaketi mbele yake, akautazama ukitoa mvuke.

Jioni ile ile Shako alikuwa amevaa shati safi. Alifika mlangoni kwake, akasimama. Moyoni alisema: nilipofanya jambo kwa ajili yake bila kuitwa, nilimuulia kobe wake. Leo niende tena bila kuitwa?

Jioni ile ile Wakesho alikuwa amejitanda kanga, amefika mlangoni, akasimama. Alisema: mimi ni wa damu ya mumewe, mimi ndiye niliyeaminiwa, nilisema nitapitia. Nitaingia na uso gani?

Jioni ile ile Mwadime alikuwa ameiingia njia yenye majani, amefika karibu na lango, akasimama. Alisema: sijaruhusiwa. Kisha akasema: lakini mara ya mwisho niliposema hivyo, nini kilitokea?

Naye Mkamburi aliinuka, akashika komeo la mlango, akasimama. Alisema: mimi ndiye niliyelitoa neno. Lakini mimi ndiye niliyefiwa, tena mara mbili. Je, mfiwa ndiye anayewafuata watu?

Hapo walipo, wanne, kila mmoja kwenye kizingiti chake, na ugali unapoa. Huyu alijenga alipokatazwa. Huyu alichelewa akiokoa roho. Huyu alitii alipopaswa kuvunja. Huyu alifunga mlango miaka mingi kabla ya kobe kufa. Wote hawawezi kubaki wamesimama mpaka asubuhi; lazima mmoja atoke. Niambieni basi, nyinyi mliosikia: kati ya hao wanne, nani alistahili kuanza kupiga hodi, na mlangoni pa nani?