Skafu za Watoto Mlimani Manga

Je, nyoka akikuingilia jikoni, utatuma mtu avuke mto akakuletee fimbo iliyo kwa shemeji yako, au utaokota mwiko ulio karibu? Fimbo ile, hata iwe imara namna gani, itakapofika nyoka atakuwa ameshauma na kwenda zake. Ndiyo maana wahenga walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Basi sikilizeni yaliyotokea Marani mwaka wa 1968, wakati wa kuvunja mahindi.

Drusilla, mke wa Machogu, alikuwa kiongozi wa kikundi cha watoto wa kanisa, wale wanaopanda milima na kulala katika hema, kila mmoja na skafu yake ya manjano shingoni. Mwezi huo alihudhuria mafunzo ya siku tano ya huduma ya kwanza kwa viongozi wa matembezi. Mkufunzi wao, Bwana Zachariah, mtu wa pwani, mpole kama njiwa, aliwafundisha kuzuia damu, kufunga mfupa uliovunjika kwa fito na ganda la mgomba, na kumbeba mgonjwa mahali pasipo na barabara. Siku ya mwisho alimwambia Drusilla, "Mama, mikono yako ni myepesi. Novemba kuna mafunzo ya wiki tatu kule Nyansiongo, ya kuwa mkufunzi. Niletee ruhusa ya nyumbani, nami nitaliandika jina lako."

Ruhusa hiyo ndiyo iliyokuwa mwiba wa samaki kooni. Machogu alisema yeye hana neno, lakini boma ni la baba yake, Mzee Nyamweya. Na kwa Abagusii, kabila lao, mke wa mtu na baba mkwe wake wana ensoni, yaani heshima ya kuoneana haya. Hawagusani, hawakai mkeka mmoja, wala mke haendi kumwomba mzee jambo uso kwa uso. Tena mzee alikuwa amekwisha kukata shauri. "Mtu akivunjika mguu, Ombui fundi wa mifupa yuko Suneka. Akijikata, hospitali iko mjini. Hivi vitambaa vyenu ni vya nini?"

Jumapili ilipofika, Drusilla aliwapeleka watoto kumi na wawili mlima wa Manga. Mzee Nyamweya alitokea njiani na panga lake, kofia imemkaa upande.

"Sitaki wajukuu wangu waongozwe na vitambaa," alisema, akiwatazama watoto na si mke wa mwanawe. "Nitawafyekea njia."

Alifyeka vizuri, kusema kweli, huku akiwaonyesha matunda ya porini yanayoliwa na yale ya nyani. Lakini walipokaribia kilele, panga liligonga jiwe lililojificha majanini, likateleza na kumkata shavu la mguu. Damu ilibubujika kama chemchemi baada ya mvua. Mzee akaketi chini, uso umepauka.

Drusilla alipiga hatua mbili, mikono imenyooka. Mzee akainua kiganja. "Mke wa Machogu, simama hapo hapo. Usiniaibishe mbele ya watoto. Mmoja akimbie Suneka amwite Ombui."

Suneka! Mkimbiaji angefika jioni. Drusilla aliitazama damu ikinywewa na majani, akajua kwamba jioni ya mzee huyu haitafika. Akimgusa, atakuwa amemvua nguo mbele ya wajukuu, naye huenda akamsukuma. Asipomgusa, atamzika. Ndipo alipomkumbuka binti yake Nyaboke, wa miaka kumi na miwili, aliyekuwa akimfunga vitambaa kila jioni kwa mazoezi. Mjukuu na babu hawana ensoni. Wao hutaniana hata kuitana mume na mke.

Drusilla aligeuka, akawapa mgongo. "Nyaboke, vua skafu yako. Ikunje mara nne. Weka juu ya kidonda, ukandamize kwa viganja vyote viwili."

"Mume wangu mzee," Nyaboke alisema akipiga magoti, "ukilia nitaolewa na mwingine."

"Nani atakuchukua na meno hayo?" mzee alijibu, sauti nyembamba. Lakini mguu aliutoa.

"Mlaze chali. Inua mguu juu ya mfuko wa chakula," Drusilla aliendelea, macho yakiwa bondeni. "Imelowa?"

"Imelowa, mama."

"Usiiondoe. Weka nyingine juu yake. Kandamiza."

Skafu ya tatu ilibaki kavu. Wakaifunga. Kisha vijana wakubwa walikata miti miwili, wakaipitisha katika mikono ya makoti yao, wakambeba mzee hadi zahanati, Drusilla akitangulia kuita, "Hapa kuna shimo. Polepole."

Mganga wa zahanati alikishona kidonda, akamwambia mzee kwamba kama angemngoja fundi wa Suneka, Ombui angefika matangani.

Wiki tatu baadaye mzee aliketi mlangoni pake, kidonda kimekauka, akila ugali wa wimbi na mboga alizoletewa na Nyaboke. Drusilla alikuwa akipepeta mahindi kando ya ghala, uso pembeni kama ilivyo desturi.

"Mjukuu wangu," mzee alisema kwa sauti ya kusikika hadi ghalani, "muulize mama yako anataka nini katika boma hili. Aseme bila kuficha. Mimi nimeshatoa ruhusa kabla ya kusikia."

"Mama, babu anauliza..."

"Nimesikia." Drusilla aliweka ungo chini, akapangusa vumbi mikononi. "Mwambie babu yako nataka kwenda Nyansiongo wiki tatu, nijifunze kufundisha, ili katika kila boma la Marani awepo mtu wa kuzuia damu. Mwambie ndiyo haja yangu tangu siku nilipomaliza yale mafunzo, kwa maana fimbo ya mbali haiui nyoka."